Tuzime Ukutani, Lakini Tuhesabu Kwanza

Kwa muda sasa limekuwapo gumzo katika baraza za Ujiji na Mwanga, na hata mbele ya vibanda vya mawakala wanaouza umeme wa LUKU, juu ya ile taa ndogo nyekundu inayobaki ikiwaka usoni pa runinga baada ya runinga yenyewe kuzimwa kwa rimoti. Wapo wanaoapa kwamba taa hiyo ndiyo mwizi wa uniti zao, na kwamba mwenye kuiacha iwake hana haki ya kulalamika uniti zikikatika katikati ya mwezi. Wapo wanaocheka na kusema taa ndogo kama punje ya mtama itakula nini. Na lipo kundi la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo, linalosema kwamba maadamu Mkoa wa Kigoma umekwisha kuunganishwa na Gridi ya Taifa, habari ya kubana umeme ni habari ya enzi za majenereta, na enzi hizo zimekwisha.

Kwa maoni yetu kila kundi lina sehemu yake ya ukweli, na kila moja limepotoka mahali. Jambo hili si la imani wala la ubishi wa barazani. Ni la hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba.

Kwanza tuelewane juu ya kitu tunachokizungumza. Runinga, king'amuzi, sabufa, na vyombo vingine vya namna hiyo vinapozimwa kwa rimoti, havizimiki. Vinalala jicho moja likiwa wazi. Ndani yake kipo kifaa kinachongoja amri ya rimoti, na kifaa hicho hakiwezi kungoja bila kulishwa. Hali hiyo mafundi wetu huiita stendibai. Sisi humu tutauita umeme wake umeme wa kungojea. Ile taa nyekundu yenyewe haina hatia kubwa, kwani hutumia sehemu ndogo mno ya wati moja. Taa ni shahidi tu, anayetuambia kwamba nyuma yake kipo kinachokula.

Sasa hesabu. Wati moja ikitumika mfululizo, usiku na mchana, kwa siku 30, hufikia uniti 0.72. Kwa mwaka mzima ni uniti 8.76. Msomaji akishika tarakimu hizo mbili kichwani, hakuna muuzaji wa vyombo wala mhubiri wa ubanaji atakayemchezea.

Tuchukue nyumba moja ya kubuni pale Mwanga. Ina runinga ya zamani inayokula wati 4 inapongoja, king'amuzi cha wati 10, sabufa yenye saa inayomulika ya wati 5, na chaja tatu za simu zinazoshinda kwenye soketi. Runinga na king'amuzi hutazamwa saa tano kwa siku. Saa kumi na tisa zilizobaki vinangoja. Sabufa hupigwa saa mbili, hungoja saa ishirini na mbili. Kwa mwezi, king'amuzi kitakuwa kimekula uniti 5.7 katika kungoja peke yake, sabufa uniti 3.3, na runinga uniti 2.3. Chaja zote tatu kwa pamoja, kama ni za siku hizi na hazina simu, hazifiki hata nusu uniti. Jumla ni karibu uniti 11.7.

Je, uniti hizo ni nyingi au ni chache? Hapa ndipo wengi wanapobishana bila kusikilizana, kwa sababu jibu linategemea nyumba iko upande gani wa mstari wa uniti 75. Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti inayofuata ni shilingi 350. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani na tozo za Wakala wa Nishati Vijijini na za EWURA yenyewe, hata uniti ya shilingi 100 ikafika shilingi 122, na ile ya shilingi 350 ikafika shilingi 427. (Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwa njia hiyo hiyo ya LUKU, hatuitii katika hesabu hii, ingawa tunajua ndiyo inayowafanya wengi wadhani uniti zimepanda bei.)

Basi nyumba inayotumia uniti 40 kwa mwezi, ikizuia zile uniti 11.7, itaokoa shilingi 1,427. Si haba, lakini si utajiri. Nyumba inayotumia uniti 85, ikizizuia hizo hizo, itateremka hadi uniti 73 na ushei, yaani itarudi chini ya mstari. Matumizi yake yatapungua kutoka shilingi 13,420 hadi takriban shilingi 8,940. Vyombo ni vile vile, taa nyekundu ni ile ile, lakini nyumba ya pili imeokoa karibu shilingi 4,500 pale ambapo ya kwanza imeokoa chini ya 1,500. Kwa mama anayeuza mawese kwa chupa pembezoni mwa barabara ya Ujiji, tofauti hiyo haiwezi kuitwa ndogo na mtu yeyote anayejua jinsi faida ya chupa moja inavyopatikana.

Tungependa wale wanaocheka walizingatie hilo. Aidha tungependa wale wanaoapa walizingatie linalofuata.

Katika nyumba ile ile, tuseme iko balbu moja ya kizamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka ndani ya kioo, imetundikwa barazani kwa ajili ya ulinzi, nayo huwaka tangu magharibi hadi alfajiri, saa kumi na mbili. Balbu hiyo moja hula uniti 21.6 kwa mwezi. Ikibadilishwa ikawekwa ya LED ya wati 9, itakula uniti 3.2. Kumbe mwenye nyumba angeweza kuzunguka kila usiku akizima soketi moja baada ya nyingine, na bado akapoteza kwa balbu moja zaidi ya alichookoa kwa vyombo vyote. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa, imekula sawa na king'amuzi kilichongoja saa 50. Na jokofu la zamani lenye mpira wa mlango uliochakaa hula uniti moja au zaidi kwa siku bila kumwambia mtu. Anayezima chaja ya simu huku akipiga pasi shati moja moja kila asubuhi, badala ya kupiga nguo za wiki nzima kwa mara moja pasi ikiwa imekwisha kushika moto, anafukuza sisimizi huku panya wakila ghalani.

Kuhusu jokofu inabidi tuseme zaidi, maana hapa mjini imekuwa desturi ya nyumba nyingi kulizima usiku na kuliwasha asubuhi. Jokofu halimo katika kundi la vyombo vinavyongoja. Linapokaa kimya linatunza ubaridi, na linaponguruma linaurudisha. Ni kweli kwamba likizimwa usiku hula kidogo kuliko likiachwa, kwa kuwa ndani yake panapopata joto, joto la nje huingia kwa nguvu ndogo zaidi. Lakini akiba hiyo ni ndogo, kwa sababu asubuhi mashine hulazimika kufanya kazi mfululizo kuurudisha ubaridi uliopotea. Na kama ndani mlikuwa na migebuka iliyonunuliwa Kibirizi jana yake, basi kilichookolewa kwenye uniti kitakwenda kwenye samaki atakayetupwa, au, Mungu apishe mbali, kwenye dawa za tumbo. Jokofu liachwe liwake. Anayetaka liache kula sana alisogeze mbali na ukuta na jiko, aubadilishe mpira wa mlango, na awazuie watoto kulifungua kila dakika.

Upo pia uvumi mwingine, wa kinyume, kwamba kuzima na kuwasha mara kwa mara hula umeme kuliko kuacha chombo kikiwaka. Uvumi huu hauna msingi kwa runinga, king'amuzi wala balbu za LED. Ni kweli umeme huingia kwa kishindo chombo kinapowashwa, ila kishindo hicho hakidumu hata sekunde moja, na kwenye mita hakionekani.

Turudi kwa wale wanaosema kwamba gridi imefika na mambo yamekwisha. Wenyeji wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa ngurumo ya majenereta. Kwa miongo mingi mji wetu ulikuwa kisiwa: nchi ilikuwa na gridi, sisi tulikuwa na dizeli. Mafuta hayo yalisafiri kutoka Dar es Salaam mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, ndipo yachomwe hapa, na njia ilipokatika nasi tulijua. Lita moja ya dizeli katika jenereta lililo zima hutoa uniti tatu hadi nne. Kwa hiyo nyumba yetu ile ya Mwanga, kwa umeme wake wa kungojea tu, ingechoma zaidi ya lita tatu kila mwezi. Na nyumba elfu moja za namna hiyo zingechoma lita elfu tatu ili ving'amuzi vilale vizuri. Wazee wanaokumbuka miaka ambayo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta ya taifa watatuelewa tunaposema kwamba hiyo ilikuwa hasara ya kweli, ingawa haikuwa na harufu wala moshi mbele ya macho ya mwenye runinga.

Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifika mkoani akazindua umeme wa gridi. Baadaye ikaja njia kubwa ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, yenye urefu wa kilomita zipatazo 280. Huko Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme Februari 2024, na mitambo yake tisa ilipokamilika mwaka 2025 uwezo wake ulifikia megawati 2,115. Kwenye mto wetu wenyewe wa Malagarasi, pale maporomoko ya Igamba, upo mradi wa megawati 49.5 ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo mwaka 2020. Hayo yote ni mambo ya kujivunia, na gazeti hili halitakuwa la mwisho kuyasifu.

Hata hivyo, maji ya Rufiji hayakuifuta mita iliyoko ukutani. Taifa linaweza kuwa na umeme wa kutosha na nyumba ikawa haina, kwa sababu nyumba hainunui mto, inanunua uniti. Tena tusisahau haraka. Mwaka 2006 na mwaka 2011 nchi iliingia kwenye mgawo baada ya mabwawa kupungukiwa maji, na kati ya Septemba 2023 na mwanzoni mwa 2024 mgawo ulirudi. Kwa upande wa taifa, tunakiri wazi kwamba umeme wa kungojea wa nyumba za Kigoma hauwezi kuokoa wala kuzamisha gridi. Anayewahubiria wananchi kwamba taa zao nyekundu ndizo chanzo cha mgawo anawasingizia. Hoja yetu ni ya mfukoni mwa mwenye nyumba, na hapo gridi haijabadili kitu.

Ipo na hoja ya jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Katika nyumba zetu ambamo mkaa bado ndio mfalme, wengi husema umeme hawaumudu kwa kupikia. Lakini jiko la umeme la presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa nusu uniti au pungufu. Zile uniti 11.7 ambazo nyumba yetu iliwagawia king'amuzi, sabufa na runinga wakati hakuna anayetazama wala kusikiliza, zingeivisha zaidi ya vyungu ishirini vya maharage ya Kasulu. Hatusemi kila nyumba ikanunue jiko hilo kesho, maana bei yake nayo ni mlima. Tunasema tu kwamba umeme unaodaiwa kuwa hauonekani, ukikusanywa, unapata uso.

Kwetu sisi wa pwani ya Tanganyika ipo sababu nyingine ya kuzima ukutani, na huenda kwa nyumba nyingi ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Umeme unapokatika na kurudi, aghalabu hurudi kwa mshtuko, na chombo kilichokuwa kikingoja huupokea mshtuko huo kifua wazi. Nani mjini hapa hamjui jirani aliyepoteza runinga kwa namna hiyo? Tena tunaishi katika ukanda wa radi. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, huko Kongo mashariki, isiyo mbali sana na ncha ya kaskazini ya ziwa letu, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Runinga moja ikiungua, akiba ya miaka mingi ya uniti imekwenda nayo. Lakini hapa lazima tuseme wazi: swichi ya ukutani hukata waya mmoja tu, na radi haiheshimu swichi. Mawingu yanapotanda upande wa Kongo na ngurumo zikaanza, plagi ichomolewe kabisa, na waya wa antena au wa dishi uchomolewe pia. Kazi hiyo ifanywe kabla dhoruba haijafika, si katikati yake.

Tunayo bahati moja ambayo nchi nyingi hazina. Soketi za nyumba zetu, zile za matundu matatu tulizorithi kwa Waingereza, zina swichi yake pale pale ukutani. Mwenzetu wa Ufaransa au Marekani, ambako soketi kwa kawaida hazina swichi, hulazimika kuinama na kuchomoa, au kununua kifaa. Sisi tunabonyeza kidole. Na palipo na ekstensheni moja inayolisha runinga, king'amuzi na sabufa, kidole kimoja kinamaliza kazi yote. Usumbufu upo, hatuuficha: king'amuzi kilichozimwa kabisa huchukua muda kuamka, na saa ya sabufa hurudi sifuri. Mwenye nyumba na apime mwenyewe kama dakika mbili za kungoja taarifa ya habari zina thamani ya uniti tano kwa mwezi.

Mpaka hapa tumezungumza na mwenye nyumba. Ila si haki mzigo wote kutwikwa yeye, na hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaoligeuza jambo hili kuwa somo la tabia njema peke yake. Umeme wa kungojea si dhambi ya mtazamaji. Ni uamuzi wa mtengenezaji, aliyeona afadhali aokoe senti chache kiwandani, gharama ikalipwe kidogo kidogo na mnunuzi kwa miaka kumi.

Wenzetu waligundua hivyo zamani. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani Alan Meier, wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley huko California, alipendekeza kwamba chombo chochote kinachongoja kisile zaidi ya wati moja, na mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Nishati likalichukua pendekezo hilo. Julai 2001 Rais George W. Bush alitia sahihi amri ya kuzitaka idara za serikali ya Marekani zinunue vyombo vya namna hiyo. Huyo ndiye Bush ambaye Februari 2008, jijini Dar es Salaam, alitia sahihi pamoja na Rais Jakaya Kikwete msaada wa Changamoto za Milenia, ambao ndani yake ulikuwamo mpango wa kwanza wa umeme wa Malagarasi. Mpango huo uliachwa kwa ajili ya viumbe adimu wa pale Igamba, na mahali pake mkoa ukapata mitambo ya jua kwa shule na zahanati. Umoja wa Ulaya nao ukaweka sheria: tangu mwaka 2010 chombo kipya kisichokuwa na kioo cha maandishi kisizidi wati moja kikiwa kinangoja, na tangu mwaka 2013 kisizidi nusu wati.

Matokeo yake ni kwamba runinga mpya iliyotengenezwa kwa kufuata sheria hizo, ikingoja mwezi mzima, haifiki hata nusu uniti. Mwenye runinga kama hiyo hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya taa nyekundu. Lakini je, ndizo zilizojaa sebuleni mwetu? Nyingi ni za zamani kuliko sheria zenyewe. Nyingine zilikwisha kutumika Ulaya au Ghuba ndipo zikaletwa, na baadhi ya mpya zimeundwa kwa masoko yasiyouliza swali. Kile ambacho Mzungu amekatazwa kukinunua dukani kwake hakikuyeyuka. Kilitafuta mnunuzi mwingine. Ving'amuzi navyo ni kisa cha peke yake, kwani vingi, vikizimwa kwa rimoti, huzima picha tu na kuendelea ndani kupokea mawimbi karibu kama kawaida. Na king'amuzi mnunuzi hakichagui. Huuziwa kile alichonacho mwenye matangazo.

Kenya tangu mwaka 2016 ina kanuni za kubandika lebo ya nyota kwenye majokofu na vyombo vingine, ili mnunuzi aone kabla ya kutoa fedha chombo kinakula kiasi gani. Kwa nini mnunuzi wa Mwanga au wa Lumumba asione? Tunalitaka Shirika la Viwango, TBS, na Wizara ya Nishati, wasiishie kwenye majokofu na viyoyozi. King'amuzi kinachouzwa kwa maelfu ya wananchi wenye kipato kidogo kiandikwe juu ya boksi lake, kwa Kiswahili, kwamba kinatumia wati ngapi kikiwa kimewashwa na wati ngapi kikiwa kinangoja. Wenye kampuni za matangazo hawatashindwa. Tarakimu hizo wanazo.

Ofisi za umma tusizisahau, ingawa hatutakaa sana hapo. Kompyuta, mashine za fotokopi na vipoza maji vinavyoshinda vimewaka tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hulipiwa kwa fedha ya wananchi wale wale wanaoambiwa wazime chaja. Mfano hutoka juu.

Liko kundi la wananchi ambalo makala haya hayalihusu kabisa. Nyumba yenye balbu tatu na simu mbili haina cha kuzima, na kuiambia ibane umeme ni kumwambia aliyefunga asile. Vivyo hivyo mvuvi wa dagaa hahitaji somo letu. Tangu enzi za karabai amekuwa akihesabu mafuta ya kila taa kabla ya kusukuma mtumbwi, na leo mwenye taa za LED na betri anajua betri yake itamfikisha saa ngapi za usiku. Yeye hapimi kwa shilingi tu, anapima kwa giza la mwezi.

Kwa wengine wote tunashauri jaribio ambalo halina gharama. Usiku mmoja, kabla ya kulala, zima taa zote, na jokofu ulizime kwa saa moja tu, haliwezi kuharibika. Vyombo vinavyongoja viache vingoje. Kisha nenda kwenye mita ya LUKU. Usoni pake utaona kitaa kidogo kinachopepesa, na karibu yake herufi imp/kWh pamoja na tarakimu. Kama tarakimu hiyo ni 1000, kila kinapopepesa mara moja umetumia sehemu moja ya elfu ya uniti. Kikipepesa kila baada ya dakika tatu, vyombo vyako vinakula wati 20 katika kungoja, yaani uniti 14.4 kwa mwezi kama haviguswi. Kikipepesa mara moja tu kwa saa nzima, lala salama. Kisipopepesa hata kidogo, huna cha kuogopa. Na kikipepesa kwa haraka hali kila kitu kimechomolewa, muite fundi, kwani huenda nyaya zako zinavuja.

Wasomaji watakaofanya jaribio hilo tunawaomba watuandikie: chombo gani, kimenunuliwa mwaka gani, kipya au kilichotumika, na mita ilipepesa mara ngapi kwa saa. Barua hizo tutazichapisha, na nakala yake tutaipeleka ofisi ya TBS na ya TANESCO mkoani.